Je, Mtoto Aliyeugua Tumbo Azuiliwe Chakula?

Katika darsa yetu ya baina ya Magharibi na Isha hapa Waa liliulizwa swali ambalo twaona si haki jibu lake libaki ndani ya kuta za msikiti, kwani wenye haja nalo zaidi ni akina mama waliomo majumbani, nao hawakuwapo. Muulizaji ni baba wa mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na miezi minne. Mtoto huyo alishikwa na tumbo, akatapika siku ya kwanza, akaendesha siku tatu, kisha kutapika kukakatika na choo kikaanza kupungua. Ndipo ulipozuka mzozo nyumbani. Mama wa mtoto ataka kumpa uji na kumnyonyesha kama ada. Mavyaa wake akataa. Asema tumbo lililougua hupumzishwa, na kwamba ziwa la mama aliyeshinda juani huzidisha ugonjwa, basi mtoto apewe chai ya rangi na maji ya dafu mpaka choo kifunge kabisa. Baba naye, akiwa amebanwa kati ya mamake na mkewe, akakumbuka hadithi aliyowahi kuisikia ya kwamba wagonjwa wasilazimishwe kula, kwa kuwa Mwenyezi Mungu ndiye awalishaye na kuwanywesha. Akaona hiyo yakata maneno. Akaja kututaka tuithibitishe.

Hatukumthibitishia alivyotaka. Tulimwambia aende nyumbani usiku ule ule, mtoto apewe ziwa kila alitakapo, na uji upikwe. Lakini jibu la upesi halimtoi mtu shaka, na nyumba yenye mzozo hairidhiki kwa amri, yataka kubainishiwa. Basi twaandika hapa kwa urefu.

Na kabla hatujaendelea yatupasa kukiri jambo. Swali kama hili tuliwahi kuulizwa miaka mingi nyuma, tulipokuwa tumetoka chuoni karibuni na twajibu kila tuulizwalo. Tulijibu kwa hadithi hiyo hiyo, tukasema, "Mwacheni, akitaka atakula." Mtoto yule hakufa, alhamdulillahi. Lakini wenyewe walilichukua neno letu kuwa ni ruhusa ya kumnyima, wakamweka na maji ya wali mepesi na chai kwa muda wa zaidi ya wiki. Alikuwa mtoto wa kike aliyekwisha kuanza kukimbia. Tulipomwona baada ya mwezi alikuwa akibebwa, mbavu zahesabika, nywele zimepauka. Na lililotuuma zaidi ni kwamba majirani walikwisha kumpa jina ugonjwa ule: walisema ni chirwa.

Wasomaji wetu wa Kwale hawana haja ya kufasiriwa neno hilo, lakini kwa aliye mbali twasema kwamba miongoni mwa jamaa zetu wa Kimijikenda, mtoto akikonda na kudhoofika husemwa ana chirwa, na sababu yake hudaiwa kuwa ni uzinzi wa mmoja wa wazazi. Waswahili wa mijini wana neno lao, kubemenda, na maana yake ni karibu na hiyo. Basi tazameni jambo lilivyokwenda. Mtoto amenyimwa chakula na wakubwa wake, akakonda kwa njaa, kisha mamake akanyooshewa kidole cha zinaa. Na sheria yetu, kama ajuavyo kila aliyesoma kitabu kidogo cha fiqhi, imeliweka neno hilo mahali pazito: amsingiziaye mwanamke mtwaharifu zinaa bila ya mashahidi wanne amefanya moja katika madhambi makubwa, na ana hadi ya viboko themanini. Watu walilitamka kisimani, huku wakiteka maji. Na mlango wake tuliufungua sisi kwa fatwa ya haraka. Ndiyo maana hatutaki kulijibu swali hili mara ya pili kwa maneno mawili.

Tuanze na hadithi yenyewe. Imepokewa na Tirmidhi na Ibn Majah kutoka kwa sahaba Uqba bin Amir. Wanazuoni wa hadithi wamehitilafiana katika isnadi yake. Wako waliodhoofisha baadhi ya wapokezi wake, na Tirmidhi mwenyewe ameitaja kuwa ni hasan gharib. Lakini hata tukiichukua kuwa ni thabiti, tuangalie yakataza nini. Yakataza kulazimisha. Haikuamrisha kuzuia. Baina ya kumshika mgonjwa taya na kumtia chakula kwa nguvu, na kumwondolea sahani yeye akiitazama, pana bahari. Mtoto alilia akitaka ziwa, nyanya akasema hapana. Huyu hakuepushwa na kulazimishwa, bali amelazimishwa njaa. Aitoaye hadithi kwa jambo hili ameigeuza juu chini. Tena imethubutu katika Bukhari na Muslim kwamba Bibi Aisha (R.A.) alikuwa akiamrisha talbina, nayo ni uji wa unga wa shayiri, apewe mgonjwa na aliyefiwa, na alikuwa akiipokea sifa yake kutoka kwa Mtume (S.A.W.). Hakuna awezaye kusema kwamba nyumba ile haikuijua hukumu ya chakula cha mgonjwa.

Ama ziwa, habari yake iko wazi zaidi. Aya ya 233 ya Suratul Baqara imewataja mama wanyonyeshao miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza, na haikuvua siku za maradhi. Mtoto wa mwaka na miezi minne bado yumo ndani ya haki yake. Na maneno ya kwamba jua huliharibu ziwa, au kwamba maziwa huchacha kifuani, hatukuyaona katika kitabu chochote cha dini wala cha tiba. Matabibu wasema kinyume: maziwa ya mama ni maji, ni chakula, na yana kinga inayopambana na vijidudu vya tumbo, mtoto anayeendesha azidishiwe, si apunguziwe.

Yuko atakayesema, "Na asali je?" Swali hili nalo liliulizwa katika darsa, na aliyeuliza alikuwa na haki, kwani hadithi yake ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim kwa riwaya ya Abu Said al-Khudri: mtu alikuja kwa Mtume (S.A.W.) kumshitakia tumbo la nduguye linaloendesha, akaambiwa amnyweshe asali, akarudi akisema imezidisha, akaamrishwa vivyo hivyo tena na tena mpaka nduguye akapoa. Twaiamini hadithi hiyo bila ya kusitasita. Lakini Ibnul Qayyim, alipoifafanua katika maneno yake juu ya tiba ya Mtume, alieleza kwamba dawa huwa na kiasi chake kwa mujibu wa ugonjwa na nguvu za mgonjwa. Hukumu ya mtu mzima basi haihamishwi kwa mtoto mchanga bila ya kupimwa. Na katika zama zetu imejulikana kwamba asali huweza kuwa na mbegu za kijidudu kisichomdhuru mkubwa, ambacho ndani ya tumbo la mtoto asiyetimiza mwaka humea na kutoa sumu ilegezayo viungo na pumzi. Kwa hivyo asiyetimiza mwaka haonjeshwi asali, si kwa tumbo wala kwa kifua wala kwa tahniki. Tahniki ni kwa tende, na apewe tone tu la utamu wake. Aliyepita mwaka akilambishwa kidogo hapana ubaya, lakini asifanyiwe asali kuwa ndiyo dawa akaachwa na maji anayoyahitaji. Tutaeleza sasa hivi kwa nini utamu mwingi humdhuru anayeendesha.

Mtoto anayeendesha haliwi na wadudu wa tumboni kwa maana ile ya watu wengi. Linalomuua ni kukauka. Mwili wake ni mdogo, maji yake ni machache, na kila choo cha majimaji huondoka na maji na chumvi. Katika hesabu ya Shirika la Afya Duniani, watoto zaidi ya laki nne wasiotimiza miaka mitano hufa kila mwaka kwa maradhi ya kuhara, na wengi wao wangepona kwa kinywaji. Utumbo ulioshikwa na maradhi huendelea kutoa maji, lakini haujapoteza mlango mmoja: chumvi na sukari, zikija pamoja kwa kiasi kinacholingana, hupita pamoja ukutani mwa utumbo na kuyavuta maji nyuma yao. Maji matupu hayana mvuto huo. Na sukari ikizidi sana, kama katika soda, maji ya matunda ya dukani au chai iliyokolezwa, hufanya kinyume: huyavuta maji kutoka mwilini yaingie utumbo, na choo kikazidi. Mama humpa mtoto soda kwa huruma, akidhani ampa nguvu.

Elimu hii ilithibitishwa kwa wagonjwa wa kipindupindu katika mji wa Dhaka mwaka 1968, zamani hizo ikiwa Pakistani ya Mashariki, katika maabara ya utafiti wa kipindupindu iliyokuwa huko. Mwaka 1971, katika vita vilivyozaa Bangladesh, mamilioni ya watu walikimbilia India, na katika kambi ya Bangaon kipindupindu kikawaingia. Maji ya kutia mishipani yalikwisha. Tabibu Dilip Mahalanabis akaamrisha chumvi na sukari zichanganywe katika madumu, na jamaa za wagonjwa wenyewe wawanyweshe kwa vikombe. Vifo vilivyokuwa vikifika kama 30 katika kila mia vikashuka hadi chini ya 4. Baadaye, katika miaka ya 1980, jumuiya ya BRAC ya Bangladesh iliwatuma wanawake kwenda nyumba kwa nyumba kuwafundisha akina mama kuchanganya chumvi na sukari guru kwa vidole na kiganja, mpaka wakaingia nyumba za mamilioni. Twataja habari hii kwa kusudi. Watu wale ni wala wali na samaki kama sisi, nyumba zao zina mvua na visima kama vyetu, na wengi wao ni Waislamu kama sisi. Hawakungoja hospitali kubwa zijengwe kwanza.

Mchanganyiko huo ndio ule wa pakiti iitwayo ORS, unaopatikana katika zahanati na maduka ya dawa. Usome kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, kwani ziko za nusu lita na ziko za lita moja, na kuipunguzia maji ili iwe na nguvu ni hatari, chumvi humzidi mtoto. Maji yawe yaliyochemshwa yakapoa. Mtoto asiyetimiza miaka miwili apewe robo ya kikombe mpaka nusu kila baada ya choo cha majimaji. Aliyezidi hapo, nusu mpaka kikombe kizima. Apewe kwa kijiko, kidogo kidogo, kila dakika moja au mbili. Akitapika, mama angoje dakika kumi kisha aanze tena kwa utaratibu zaidi, asiache. Iliyobaki baada ya saa 24 imwagwe. Na pakiti ikikosekana usiku, katika lita moja ya maji safi hutiwa vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi, kisha huonjwa: kikiwa na chumvi kuliko machozi, kimwagwe. Lakini hicho ni cha dharura, na kukosea kipimo ni rahisi. Asubuhi pakiti itafutwe.

Wengi wameuliza juu ya madafu, na hapa pwani lazima waulize. Maji ya dafu ni kinywaji chema, na dafu lililokatwa papo hapo ni safi kuliko maji ya visima vyetu vingi. Yana madini ya potasiamu ambayo mwili hupoteza kwa kuhara. Ila chumvi yake ni chache mno, haitoshi kurudisha iliyopotea. Kwa hivyo twasema: dafu lipewe pamoja na ORS, wala lisiwe badala yake, hasa siku zile choo kingali ni maji. Ama chai ya rangi, hatuoni kheri yake kwa mtoto. Humjaza tumbo, humkojoza, na huzuia madini ya chuma yaliyomo chakulani yasipokelewe na mwili. Mavyaa wa nyumba ile alikuwa na haki katika dafu, hakuwa na haki katika chai.

Sasa twafika kwenye chakula, na hapa ndipo palipo na kosa kubwa la miji yetu. Wazo la kulipumzisha tumbo si la nyanya zetu peke yao. Matabibu wa Ulaya na Marekani nao waliwafungisha watoto kwa kizazi kizima, saa 24 na zaidi, kabla ya kuliacha. Waliliacha kwa kuona. Utumbo una manyoya madogo mno yanyonyayo chakula, na maradhi huyang'oa na kuyalaza. Yakiota tena, huota kwa siku chache, na kiyaoteshacho ni chakula kipitacho juu yake. Utumbo mtupu hauponi upesi, hunyauka. Mtoto anayelishwa huenda choo chake kikawa kingi kidogo siku ya kwanza, na jambo hili ndilo liwatishalo watu. Lakini katika kile alichokula sehemu kubwa imeingia mwilini. Choo kilichotoka chaonekana, na chakula kilichoingia hakionekani. Basi nyumba huhukumu kwa kitambaa cha mtoto. Na choo laini huweza kuendelea siku kadha baada ya mtoto kurudi kucheza. Anayengoja choo kifunge kabisa ndipo amlishe, amngoja mtoto akonde.

Basi apewe nini? Apewe alichokizoea, kilaini, kwa kiasi kidogo, mara nyingi: kila saa tatu au nne, mara sita kwa siku. Uji wa mahindi au wa mtama wafaa, lakini uwe uji. Tumeona vikombe vya maji meupe yaliyopitiwa na unga, mtoto akanywa vitatu akashiba maji. Uji wa mtoto mgonjwa uwe mzito wa kukaa juu ya kijiko, na utiwe tui la kwanza, au kijiko kidogo cha mafuta, au njugu zilizosagwa laini kwa aliyezizoea. Watu wadhani mafuta ni adui wa tumbo. Vya kukaangwa na kuzama mafutani, kama bajia na viazi karai, vina uzito na tusimpe. Ila kijiko kimoja ndani ya uji humpa nguvu bila ya kumjaza. Wali uliopikwa ukalainika, ukachanganywa na mchuzi wa pojo zilizopondwa, ni chakula kamili ambacho hakuna nyumba ya Waa isiyokiweza. Samaki wa kuchemsha, aliyetolewa miiba kwa vidole na si kwa macho, apondwe ndani yake. Yai lililoiva. Viazi vitamu. Ndizi mbivu iliyopondwa ina ile potasiamu tuliyoitaja. Na ndizi mbichi za kuchemsha, ambazo wazee wetu wamezitumia kwa tumbo tangu zamani, watafiti wa Dhaka walizijaribu kwa watoto waliohara kwa siku nyingi, wakachapa mwaka 2001 kwamba zilipunguza choo. Wala hatukushangaa. Si kila la nyanya ni la kutupwa, na anayeitengeneza nyumba ni yule anayejua lipi la kushika.

Maziwa ya ng'ombe kwa aliyeyazoea hayakatazwi. Mtindi ni mwepesi zaidi, kwa kuwa sukari ya maziwa imekwisha kupunguzwa na uchachu, na mtoto ambaye utumbo wake bado haujapoa huweza kushindwa na sukari hiyo. Akionekana kuzidi kila anywapo maziwa mabichi, abadilishiwe mtindi siku chache, ila maziwa ya mama hayaingii katika hukumu hiyo.

Mtoto atokaye ugonjwani hana hamu. Huonja viwili akageuza uso, na mama mwenye kazi nyingi husema amekataa. Hapa ndipo mahali pa ile hadithi: asilazimishwe, wala asiachwe. Apakatwe, asemeshwe, apewe tena baada ya nusu saa. Tena tuna desturi nzuri ya kula pamoja katika sinia moja, na baraka yake hatuikanushi, Mtume (S.A.W.) alikula pamoja na Umar bin Abi Salama naye mtoto mdogo, akamfundisha kupiga bismillahi na kula kilicho mbele yake. Lakini mtoto dhaifu akiwekwa sinia moja na ndugu zake wanne, wao humaliza yeye bado ashika tonge la kwanza, na mama huona sinia tupu akadhani wote wamekula. Mtoto huyu apewe kibakuli chake, papo hapo pembeni mwa sinia. Kibakuli kitasema kweli.

Na choo kikishakoma kazi haijesha. Mtoto amepoteza uzito, na mtoto asiyerudishiwa uzito huukutana ugonjwa wa pili akiwa mdogo kuliko alivyoukuta wa kwanza. Mvua za mwaka zikija na visima vikijaa maji machafu, ugonjwa wa pili hauko mbali. Wauguzi waamrisha aongezwe mlo mmoja zaidi ya ada yake kila siku, kwa wiki mbili kwa uchache. Huu ndio mlo wenye kusahauliwa kuliko yote, kwa kuwa mtoto sasa acheza na hakuna anayeogopa. Yule mtoto wa kike tuliyemtaja hakukonda siku za kuhara. Alikonda wiki zilizofuata.

Pamoja na chakula kuna kidonge cha zinki, ambacho tangu mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wameagiza kipewe kila mtoto anayehara. Aliyezidi miezi sita hupewa cha miligramu 20 kila siku, asiyefika miezi sita 10, kwa siku 10 mpaka 14, kikiyeyushwa katika kijiko cha maji au maziwa ya mama. Huufupisha ugonjwa, na hukinga usirudi katika miezi ya mbele. Watu hukiacha siku ya tatu choo kikifunga. Wamekiacha kabla hakijafanya nusu ya kazi yake. Ama dawa za kufunga tumbo zinunuliwazo dukani bila ya daktari, mtoto asipewe kabisa. Huuzuia utumbo usisukume, ugonjwa ukabaki ndani, na nyingine humlevya mtoto.

Yako mambo ambayo yakionekana, maneno yote ya jikoni huwekwa kando na mtoto hupelekwa zahanati au hospitali ya Kwale, na walio kusini Msambweni, usiku au mchana: damu chooni; kutapika kila kitu; kushindwa kunywa au kunyonya; macho kuingia ndani; ngozi ya tumbo ikifinywa irudi polepole; kutokojoa kwa saa nyingi; kulala usingizi mzito usioamshika; degedege; na kuhara kunakofika siku 14. Asingojwe baba arudi kutoka Mombasa, wala isingojwe idhini ya mkubwa wa nyumba. Kadhalika msiseme ni meno. Mtoto wa umri huu daima ana jino linalotoka, na kila ugonjwa wake wapata kisingizio.

Kuna atakayesema kwamba tumelisahau kombe. Hatutaki kuufungua mjadala wa kombe hapa, una makala yake. Twasema neno moja tu ambalo wote watakubaliana nalo, wanaoliona jambo jema na wanaoliona bidaa: maji yanayooshewa sahani ile hutoka kisimani, na maji ya kisima yasiyochemshwa akinyweshwa mtoto aliyekauka huwa ni ugonjwa juu ya ugonjwa. Ardhi yetu ya pwani ni mchanga na mawe ya matumbawe, na kilicho chooni hupenya upesi hadi kwenye maji. Vile vile mkono umwoshao mtoto haja yake ndio utwangao na kukanda. Tumezoea kuuona mkono uliotiwa maji umetwahirika, na kwa sala umetwahirika. Kwa jikoni yataka sabuni. Na mtoto mchanga apelekwe kliniki kwa chanjo ya rotavairasi, ambayo Kenya imeitia katika chanjo za watoto tangu Julai 2014, kwani kijidudu hicho kilikuwa mkubwa wa maradhi ya tumbo ya watoto wadogo.

Limebaki swali la mama mwenyewe. Baba yule alirudi kwetu usiku wa pili. Mtoto alikuwa amekula nusu kibakuli cha wali na pojo, amenyonya usiku kucha, na choo kilikuwa kilaini lakini si maji. Mavyaa alikuwa ndiye aliyempondea wali. Akatuuliza kwamba mkewe alikuwa akilipa siku zake za Ramadhani iliyopita, na sasa mtoto anyonya zaidi ya ada na maziwa yapungua. Afunge au aache? Tukamjibu kwamba aache. Hata lau ingekuwa ni Ramadhani yenyewe angeruhusiwa kufungua. Na katika madhehebu yetu ya Shafi, mwenye kunyonyesha akifungua Ramadhani kwa kujihofia nafsi yake, au nafsi yake pamoja na mtoto, ana kulipa tu; na akifungua kwa kumhofia mtoto peke yake, ana kulipa pamoja na kutoa kibaba kimoja cha chakula kwa maskini kwa kila siku. Huyu alikuwa katika siku za kulipa, na wakati wake ungali mpana mpaka Ramadhani ijayo. Basi hana fidia ya kuchelewesha madhali amelipa kabla yake. Tukamwambia ampelekee mkewe habari hiyo, na anunue samaki njiani, kwa kuwa anyonyeshaye naye hula.